P ya 1.04 haimaanishi tabaka limebanwa kwa asilimia 4

Anayepima jiwe la tope kutoka kwenye milima ya mikunjo, akapata P (uwiano unaoonyesha upokezi wa sumaku wa jiwe unavyotofautiana kufuata mwelekeo) ya 1.04, kisha akaandika kuwa tabaka limefupishwa kwa asilimia 4, amesoma kipimo kimoja akadhani ni kingine. Tafsiri hii imezoeleka mno.

Maana yenyewe ni fupi. Jiwe likiwekwa kwenye uga dhaifu wa sumaku hupata usumaku kidogo, na wepesi wake wa kuupata ndio upokezi. Upokezi ukitofautiana kufuata mwelekeo, hiyo ni anisotropia. Huchorwa kama yai lenye mihimili mitatu: K1 mrefu, K2 wa kati, K3 mfupi. P ni K1 ikigawanywa kwa K3. (Na huu si usumaku wa kale, ule hubaki ndani ya jiwe hata uga ukizimwa.)

Tatizo ni kwamba yai hili linaonyesha jinsi madini yalivyopangika, pamoja na aina ya madini yenyewe. Upokezi wa mawe ya tope hutokana zaidi na mfinyanzi na ulanga, ambao upokezi wake ni mdogo. Magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku kali, huyazidi mara maelfu, kiasi kwamba sehemu 1 tu kati ya 10,000 za ujazo inatosha kushindana na mfinyanzi wote. Sampuli mbili zilizobanwa sawasawa zinaweza basi kutoa P tofauti kabisa. Tena, vibapa vya ulanga vikishajipanga vyote, P hugoma kupanda hata mbano ukiendelea.

Kuna jambo linalosahaulika zaidi. Uzito wa mashapo ya juu hulaza vibapa kwanza, K3 ikawa wima kwa tabaka. Milima inapoanza kusukuma kwa ubavu, mpangilio huo unavurugwa: P hushuka, yai linarefuka, na T ya Jelinek, kipimo cha umbo la yai, inatoka karibu na +1 (yai bapa) kuelekea -1 (yai refu). Baadaye P hupanda tena, K3 ikiwa imegeukia upande wa msukumo. Kwa hiyo P ileile inaweza kutokea kabla na baada ya mpangilio kuvurugwa. Na chembe za magnetaiti ndogo mno, zenye kikoa kimoja (yaani chembe nzima ni sumaku moja), hubadilisha nafasi za K1 na K3. Sideraiti, madini ya kaboneti ya chuma, nayo huleta mkanganyiko kama huo.

Kinachoaminika ni mielekeo ya mihimili. Toboa mchi wa jiwe wenye kipenyo cha milimita 25, uupime mwelekeo kabla ya kuuvunja mwambani, kwa kifaa cha shaba nyeupe, si chuma. Ukate vipande vya urefu wa milimita 22, angalau 8 kwa kila kituo. Chora mihimili mara mbili, tabaka likiwa lilivyo na likiwa limelazwa kwa hesabu hadi usawa wake wa awali. K1 zikikusanyika vizuri zaidi baada ya kulaza, kwenye mbavu zote mbili za mkunjo, msukumo ulitangulia kukunja. Hakikisha si mkondo wa maji wa kale uliozipanga. Kisha pasha unga wa jiwe: upokezi ukianguka ghafla karibu na nyuzi 580 za Selsiasi, magnetaiti imo.

Sentensi ile ingeandikwa hivi: "K1 imejipanga sambamba na mhimili wa mkunjo, hivyo msukumo ulitoka upande ulio wima kwake, kiasi cha kufupishwa hakijapimwa." Kiasi hicho kitafutwe kwenye visukuku vilivyobanwa.