Je, wajua kwa nini 1 si nambari tasa?

Jumamosi moja mpwa wangu, aliye gredi ya sita, alimwaga mfuko wa vizibo vya soda mezani na kuanza kuvipanga. Walikuwa wamefundishwa hivi: chukua vizibo 12, uvipange safu zinazolingana. Vinakubali safu 3 za vizibo 4, au 2 za vizibo 6. Sasa ongeza kimoja viwe 13. Hangaika utakavyo, kila mara kuna vinavyobaki pembeni, isipokuwa uviweke vyote mstari mmoja mrefu. Nambari yenye ukaidi huo ndiyo nambari tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Chini ya 100 ziko 25.

Kisha akasukuma vizibo vyote kando, akabakisha kimoja.

“Anko, na hiki je? Nacho kimekaa mstari mmoja. Mbona mwalimu amesema 1 si tasa?”

Jibu la daftarini nilikuwa nalo: nambari tasa ina vigawo (nambari zinazoigawa bila baki) viwili tu, 1 na yenyewe, ilhali 1 ina kigawo kimoja pekee. Nikalitoa. Akaniangalia vile watoto hutuangalia tunapowapa sheria badala ya sababu.

“Na nani aliamua viwe viwili?”

Watu ndio walioamua, na walichukua muda mrefu kukubaliana. Mwanahisabati Christian Goldbach, mwaka wa 1742, alikuwa bado akiihesabu 1 pamoja na tasa. Mwaka wa 1914 Mmarekani D. N. Lehmer alichapisha orodha ya nambari tasa inayopita milioni 10, na inayoongoza orodha hiyo ni 1. Kwa hivyo mtoto anayeiweka 1 katika kundi hilo asichekwe. Ana wenzake wakubwa.

Kilichonisaidia mimi kueleza ni trei ya mayai. Trei ya dukani ina mayai 30. Nilimwambia aichane 30 vipande viwili vinavyozidishana, kisha kila kipande akichane tena mpaka kigome. Yeye akaanza na 5 mara 6, akaichana 6 ikawa 2 mara 3. Mimi nikaanza na 3 mara 10, nikaichana 10 ikawa 2 mara 5. Tulipita njia tofauti, lakini tulipofika chini sote tulikuwa na 2, 3 na 5. Dadangu akapita na sufuria akasema yeye angeanza na 2 mara 15. Tukajaribu: yale yale.

Hiyo si bahati ya mayai. Kila nambari nzima kuanzia 2 ama ni tasa, ama inaundwa na tasa kwa namna moja tu, ukipuuza mpangilio wake. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alilithibitisha jambo hili kwa ukamilifu mwaka wa 1801, na hesabu nyingi zimejengwa juu yake. Sasa iruhusu 1 iingie. 30 ni 2 mara 3 mara 5. Ni 1 mara 2 mara 3 mara 5 pia. Ni 1 mara 1 mara 1 mara 2 mara 3 mara 5 vilevile. Uchanaji wetu hauna tena mwisho, na mimi na mpwa wangu hatuwezi kukubaliana tumefika chini au la. Ili namna ibaki moja tu, 1 ilitolewa nje.

Hapo ndipo neno lenyewe linaponikera kidogo. Tasa, katika maneno ya kawaida, ni asiyezaa. Lakini hizi ndizo zilizozaa 12, 30 na nambari nyingine zote! Kilichokosekana ni wazazi, si watoto. 13 haikuzaliwa na yeyote. Mpwa wangu alipendekeza tuziite nambari yatima, na sikuwa na pingamizi.

Kuna njia nyingine ya kuona balaa la 1. Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Alexandria kule Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, anakumbukwa kwa chekecheke lake. Andika 1 hadi 100. Acha 2, ukate kila ya pili inayofuata. Acha 3, ukate kila ya tatu. Fanya hivyo kwa 5, kisha 7, na umemaliza. Hakuna haja ya kwenda mbele, kwa sababu 10 mara 10 tayari ni 100. Nambari yoyote ndogo kuliko hiyo inayochanika lazima iwe na kipande kilicho chini ya 10. Mpwa wangu akaniuliza kwa nini tumeiruka 1. Nikampa kalamu aanze nayo: acha 1, ukate kila moja inayofuata. Alikata mpaka 9 hivi, akacheka, akarusha kalamu.

Chekecheke pia hufichua walaghai. 51 inafanana sana na tasa, kumbe ni 3 mara 17. 57 ni 3 mara 19. 91 imenidanganya mimi mtu mzima: ni 7 mara 13.

Tulipomrudisha kwao Kangemi jioni, mchezo ulihamia barabarani. Nairobi matatu hutambulika kwa nambari ya njia, basi kazi ipo tele. Letu lilikuwa 23, likagoma kuchanika. La Kikuyu, 105, lilitupita pale Westlands tukiwa kwenye foleni: 3 mara 5 mara 7. La Kawangware ni 46, yaani 2 mara lile letu. La Ngong, 111, lilimsumbua hadi alipojumlisha tarakimu zake akapata 3, akajua linagawika kwa 3: ni 3 mara 37.

Nikampa 667, ambayo si matatu ya mtu. Kimya hadi ABC Place. Nilipomwambia ni 23 mara 29, alilalamika kuwa kuzidisha hizo mbili ni rahisi ila kuzitafuta ni adhabu. Ni kweli, na mwaka wa 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, waligeuza adhabu hiyo kuwa kufuli ya kulinda siri: wenye kufuli huzidisha nambari tasa mbili kubwa mno, na mwizi huachiwa kazi ya kuzitafuta.

“Hamsini, hamsini,” konda akaanza kukusanya nauli kutoka viti vya nyuma.

“Mbili, tano, tano,” mpwa wangu akamjibu, akimnyooshea noti.