Hadithi za mizimu za Waingereza si za Halloween tu

Wengi tunaamini hadithi za mizimu za Waingereza ni mambo ya Halloween, yaani Oktoba 31, maboga yaliyochongwa na watoto wamevaa vinyago. Inaeleweka, muvi ndo zimetuzoesha hivyo na nyingi zinatoka Marekani.

Ila ukirudi Uingereza ya karne ya 19, msimu wake hasa ulikuwa Krismasi. Majarida yalitoa toleo maalum la Desemba lenye hadithi za mizimu, familia inakaa karibu na moto mmoja anasoma wengine wanasikiliza, na London mwezi huo saa kumi jioni jua limeshazama, sasa fikiria mshumaa mmoja, upepo unagonga dirisha na msomaji kashusha sauti makusudi (hapo hata mimi naomba taa iwashwe).

Ukitaka kuhakikisha, tafuta A Christmas Carol ya Charles Dickens, kile kitabu cha 1843 cha bahili anayetembelewa na mizimu mkesha wa Krismasi, kiko bure mtandaoni maana hakimiliki iliisha kitambo. Usiishie kwenye muhtasari, fungua picha ya ukurasa wa jina wa toleo la kwanza, chini ya jina kimejiita chenyewe hadithi ya mizimu ya Krismasi. Halafu The Turn of the Screw ya Henry James, ile ya 1898 ya mwalimu wa nyumbani na watoto wawili, sentensi ya kwanza tu watu wamezunguka moto, mkesha wa Krismasi.

Halloween nayo ni ya zamani kweli, ilifika Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland.