Kuficha jina la Wi-Fi hakumzuii mtu kuingia

Wenye maduka Mwanjelwa, Mbeya, wameambiana kwa miaka mingi: ficha jina la Wi-Fi, hakuna atakayeingia. Si kweli. Simu yako inapojiunga hulitaja jina hilo hewani waziwazi, na Kismet, programu huria ya kukagua mitandao, hulinasa papo hapo.

Kinga halisi ni nywila. Aircrack-ng, nayo huria, hurekodi simu na ruta, kifaa kinachorusha Wi-Fi, zikitambuana, kisha hujaribu nywila moja moja kutoka kwenye orodha. Ndiyo maana namba ya simu ikitumiwa kama nywila inanitia hofu: baada ya 07 hubaki tarakimu nane, yaani michanganyiko milioni 100, kazi ndogo kwa kompyuta yenye nguvu. Tumia maneno matano yasiyohusiana. Halafu kagua ruta yako tu. Kuingilia ya jirani bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.