Samaki wa kundi: maana yake baharini, na maana yake katika tangi dogo la matumbawe

Mdogo wangu mmoja wa Himbi, hapa Goma, ana tangi la kioo la lita 120 la maji ya chumvi. Amelisubiri likomae kwa miezi: amonia, ile sumu inayotokana na uchafu majini, imeshuka hadi sifuri, mawe yamepata rangi, matumbawe laini mawili yamefunguka. Kilichobaki ni samaki. Juzi akaniuliza, "Yaya, nitafute samaki gani wa kundi?" Swali ni zuri, ila jibu linategemea anachokiita kundi, maana neno hilo limebeba mambo matatu, na anayeyachanganya huishia kuokota samaki waliokufa.

Kundi la kwanza tunalijua sisi wa Kivu kwa sababu tunalila. Ni sambaza. Samaki huyu, ambaye wataalamu humwita Limnothrissa miodon, si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye anayejaza mabeseni ya akina mama wa soko la Kituku. Mchana sambaza hujibana pamoja, vichwa vyote upande mmoja, nafasi ileile kati ya huyu na yule, wakigeuka kwa mara moja kama kitambaa kilichoshikwa na upepo. Hawana kiongozi. Kila samaki humwangalia jirani yake, tena huhisi msukumo wa maji kupitia mifereji ya fahamu iliyo kichwani mwake. Jirani akipinda, naye anapinda. Kinachowafunga hivyo ni hofu. Ndege mnandi akipiga mbizi katikati ya miili mingi inayong'aa namna moja, hushindwa kumchagua mmoja wa kumfukuza. Hili nitaliita kundi la mwendo.

Kundi la pili ni la makazi. Samaki hukaa mahali pamoja kwa kuwa hapo pana kimbilio au chakula kinapita, lakini kila mmoja ana mambo yake. Kundi la tatu ni la nyumba: dume mmoja, majike kadhaa, na cheo kinachofuata ukubwa wa mwili.

Karibu samaki wote wadogo wa matumbawe wanaouzwa kwa jina la samaki wa kundi ni wa aina ya pili na ya tatu. Kwa hiyo katika tangi dogo usitafute samaki anayeogelea pamoja na wenzake. Tafuta samaki anayeweza kumvumilia mwenzake pasipo na mahali pa kukimbilia. Ni sifa mbili tofauti kabisa, na ya pili ndiyo adimu.

Mfano mchungu ni kromisi wa kijani, Chromis viridis. Anapendwa kwa sababu ni wa bei nafuu, ana rangi ya maji yanayometa, na picha zake za baharini zinaonyesha mamia wakielea juu ya tumbawe lenye matawi. Tazama picha hiyo vizuri. Samaki akija kuwinda, wote huzama ndani ya matawi, kila mmoja na upenyo wake. Hatari ikipita wanatoka tena. Ndani ya matawi hayo kuna cheo, mkubwa anamsukuma mdogo, lakini bahari ni pana: anayesukumwa husogea kidogo na maisha yanaendelea. Sasa weka sita katika lita 120. Hakuna mwindaji, basi hofu iliyowaunganisha inapungua, na cheo kinabaki peke yake. Mwenye nguvu humwandama dhaifu asubuhi hadi jioni, mpaka anaacha kula na kujificha nyuma ya pampu. Akifa, zamu inamfikia anayefuata. Watu wengi walioanza na sita wamebaki na mmoja au wawili, wakadhani wana tatizo la maji. Wakati mwingine ni ugonjwa kweli, kwa sababu aina hii hushambuliwa sana na kimelea kinachoitwa Uronema, kinachoacha kidonda chekundu ubavuni, na samaki aliyechoshwa na kufukuzwa huwa rahisi kuugua. Mimi simshauri mtu mwenye tangi dogo amchukue, hata kama bei inamvuta.

Anthiasi, hasa Pseudanthias squamipinnis wa rangi ya chungwa anayepatikana hata katika pwani ya Afrika Mashariki, ni kundi la nyumba lililo wazi kuliko yote. Wote huanza maisha wakiwa majike. Dume akitoweka, jike mkubwa hubadilika na kuwa dume. Ni ajabu ya kupendeza, lakini samaki huyu hula vijidudu vya mkondoni siku nzima, anahitaji kulishwa mara nyingi, na anahitaji nafasi. Katika lita 120 nasema hapana.

Wanaobaki ni wale wa familia ya Apogonidae, ambao Wafaransa huwaita makardinali. Hawa ndio jibu langu. Mchana huelea polepole, karibu bila kusonga, wakiwa wamekusanyika kivulini mwa tumbawe. Zoramia leptacantha, mwenye mwili unaopitisha mwanga na michirizi ya buluu kwenye kichwa, hafiki zaidi ya sentimita 6 hivi, na watano hadi saba wanaweza kukaa katika tangi la mdogo wangu wakabaki kundi. Sphaeramia nematoptera, mwenye jicho jekundu na madoa sehemu ya nyuma kama kitambaa cha pajama, ni mnene zaidi, sentimita 8 hivi. Kwake nisingepita watatu au wanne. Pterapogon kauderni wa visiwa vya Banggai, Indonesia, ni mzuri kupita wote, na dume wake hubeba mayai mdomoni bila kula hadi watoto watoke. Ila wawili wakishaoana, huwashambulia wengine. Mchukue mmoja, au jozi iliyokwisha kuoana. Tena ulizia waliozalishwa kwenye matangi, kwa kuwa tangu 2007 samaki huyu yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Tangi likiwa dogo zaidi, lita 60 kwa mfano, kuna vigobi, samaki wadogo sana, vya jenasi ya Trimma, vya sentimita 2 au 3, baadhi yao vikielea kwenye ukingo wa mwamba kama nzi juu ya embe. Watano au sita hupendeza sana. Vya jenasi ya Eviota pia ni vidogo hivyo, lakini jiandae: Eviota sigillata haishi zaidi ya siku 59 baharini.

Idadi hizi nimezipunguza kwa makusudi, na sababu ni Goma yenyewe. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huingiza oksijeni kidogo majini. Maji ya chumvi nayo hushika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Kwa nyuzijoto 25, maji ya bahari kule Mombasa hushika takriban miligramu 6.7 kwa lita. Hapa kwetu hayafiki 6. Kundi ni midomo mingi inayopumua pamoja, na umeme ukikatika usiku pampu ikasimama, kundi ndilo linaloanza kuhema juu ya maji. Ushauri wa idadi ulioandikwa na mtu wa pwani usiufuate bila kupunguza. Nunua kwanza pampu ya hewa ya betri, halafu samaki.

Waingize wote siku moja, wakiwa wadogo na wa ukubwa unaokaribiana. Ukimleta mmoja leo na wengine mwezi ujao, wa kwanza atakuwa amekwisha kujitwalia tangi. Waliofika kwa barabara kutoka pwani wamechoka. Waweke wiki kadhaa katika chombo cha pembeni, uone wanakula, ndipo uwahamishe.

Mdogo wangu alichagua Zoramia watano. Wiki ya pili akanipigia simu saa tatu usiku: kundi limevunjika, kila mmoja yuko pembe yake. Nikamwambia asiwaguse. Makardinali hukusanyika mchana kwa kujificha, na giza likiingia hutawanyika kutafuta chakula, kama sambaza wanavyopanda juu na kuachana usiku, mpaka wavuvi wanapowasha taa ndipo wanakusanyika tena mwangani. Alikuwa ameshafikiria kuacha taa ya buluu ikiwaka hadi asubuhi ili awaone pamoja. Nilimwomba aizime, na chakula cha mwisho awape dakika chache kabla ya kuizima.