Mzazi yuko kwenye kemo: yanayosemwa nyumbani na ukweli wake

Mzazi akianza dripu za kemo, yaani dawa za kutibu saratani, kila ndugu anakuwa daktari. Shangazi ana lake, jirani ana lake, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakukosi sauti ndefu ya mtu asiyejulikana anayeapa kwamba ana dawa. Wengi wana nia njema tu. Ila baadhi ya hayo yanayosemwa yanaweza kumwondoa mgonjwa kabla ya saratani yenyewe, na naanza na hilo linalonitisha kuliko yote.

"Ana homa, hiyo malaria. Mpe panadol alale, kesho tutaona."

Tumezoea hivyo: mtu akichemka tunakimbilia duka la dawa, tunachukua mseto na panadol, tunasubiri kukuche. Kwa aliye kwenye kemo, kusubiri huko ndiko kunakoua. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka, za saratani na hata zile changa zilizomo kwenye uboho, ambako damu hutengenezwa. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, huwa zimeshuka chini kabisa. Bakteria tunaoishi nao mdomoni na tumboni siku zote hupata njia ya kuingia kwenye damu. Na kwa kuwa chembe nyeupe ndizo zinazoleta usaha na uvimbe, usitegemee kuviona. Dalili inaweza kuwa homa peke yake.

Joto likifika nyuzi 38, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Anatakiwa kupimwa damu na kuanzishiwa antibiotiki ya mshipani haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike. Malaria ipimwe pia, maana inaweza kuwepo. Kosa ni kuishia hapo. Panadol iliyotangulia kipimajoto hushusha homa na kuficha hatari. Kipimajoto cha kwapani husoma pungufu kidogo, kwa hiyo 37.8 yenye kutetemeka usibishane nayo. Wazee wengine hawachemki kabisa: wanaishiwa nguvu ghafla, au wanaanza kuongea visivyoeleweka. Hiyo nayo ni dharura.

Kama anatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na nyie mko Singida, msingoje basi la Dar. Nendeni hospitali ya karibu, na neno la kwanza mapokezi liwe: "Yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Bila hivyo mtapanga foleni na wenye mafua.

"Mzee asiambiwe ni saratani, atakata tamaa."

Nalielewa hili, na bado silikubali. Mzee anakaa chumba kimoja na watu wenye vichwa vilivyonyonyoka, wote wana dripu, kweli hajui? Mara nyingi anajua, ila naye anawaficha nyinyi msiumie. Halafu fikiria homa tuliyotoka kuizungumzia. Asiyejua anatibiwa nini ataomba blanketi la pili, hatamwamsha mtu. Muulizeni anataka kujua kiasi gani, na yeye ndiye apange.

"Damu imepungua, mnywesheni rozela na bitiruti."

Kabla ya kila mzunguko wa dripu hupimwa FBP, yaani picha kamili ya damu, na wakati mwingine mnarudishwa nyumbani bila dripu. Nyumbani wanasikia "damu imepungua" na blenda inaanza kunguruma. Ulizeni kwanza ni kipi kilichopungua. Mara nyingi ni chembe nyeupe, na hizo hazipandi kwa juisi yoyote. Zinapanda kwa muda, au kwa sindano maalumu daktari akiona inafaa. Juisi si mbaya kama imetengenezwa kwa usafi, ila isihesabiwe kuwa tiba. Kuahirishwa kwa wiki moja nako ni jambo la kawaida, hakumaanishi matibabu yameshindikana.

"Majani ya mstafeli ni ya asili, hayana madhara."

Mstafeli umefanyiwa majaribio kwenye seli za maabara. Kuua seli kwenye kichupa na kumponya binadamu ni mambo mawili tofauti. Mwarobaini, shubiri na mlonge navyo vina kemikali, na ini na figo zinazosafisha kemikali hizo ndizo hizo zinazosafisha kemo. Shubiri inaharisha, na mtu aliyekwisha kukaukiwa maji kwa kutapika hana cha ziada cha kupoteza, hasa kama dawa yake ni ya aina ya cisplatin inayozilemea figo. Kama mama anakunywa kitu, daktari aambiwe bila kuona haya. Atakayemficha daktari ndiye atakayemponza mama.

"Sukari inalisha saratani, na nyama aache."

Seli zote hutumia sukari, zikiwemo za ubongo. Kumnyima mgonjwa wali na uji hakuui uvimbe, kunamkondesha yeye. Mwenye kisukari ni habari nyingine, kwa sababu dawa kama dexamethasone, inayotolewa kupunguza kichefuchefu, hupandisha sukari, hivyo apimwe mara kwa mara. Mgonjwa anahitaji protini: mayai yaliyoiva, samaki, maharage, dagaa, uji wenye karanga. Kidogo kidogo, mara nyingi. Sahani iliyojaa inamkatisha tamaa hata kabla hajaigusa.

Akilalamika kwamba chakula kina ladha ya chuma, mpe kijiko cha plastiki na ukamulie ndimu, isipokuwa ana vidonda mdomoni. Kitunguu kikaangwe mbali na alipolala. Chakula kilichopoa kidogo hakina harufu kali, kwa hiyo wengi hukivumilia kuliko kilicho moto. Ila anayepewa oxaliplatin, aina mojawapo ya kemo, asipewe vya baridi kabisa, kwa siku kadhaa baada ya dripu maji ya friji humchoma kooni kama sindano. Dawa ya kuzuia kutapika imezwe kwa saa alizopangiwa, asingoje kichefuchefu kianze.

Wakati wa Ramadhani kuna wazee wanaong'ang'ania kufunga. Aya za saumu katika Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa waziwazi na kumpa ruhusa ya kutofunga. Shehe wanayemheshimu akiwaambia yeye, watasikia kuliko kuambiwa na mtoto.

"Mkojo mwekundu, kucha nyeusi: huyu karogwa."

Doxorubicin, moja ya dawa za kemo, yenyewe ni nyekundu na hutoka kwenye mkojo kwa siku moja au mbili. Ikizidi hapo, semeni hospitali. Kucha na viganja kuwa vyeusi ni kawaida kwa dawa kadhaa. Nywele si kemo zote zinazozinyonyoa, na zikinyonyoka huanza kurudi miezi michache baada ya matibabu kuisha.

"Tutenge vyombo vyake."

Saratani haipiti kwenye kikombe wala kwenye kumkumbatia. Wa kukaa mbali ni mgeni mwenye mafua, hata kama amesafiri kutoka mbali kuja kumjulia hali. Asalimie kutoka dirishani. Cha kuchunga ni mkojo, matapishi na kinyesi kwa saa 48 hivi baada ya dripu, maana dawa hutoka humo. Anayesafisha avae glavu, shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, choo kimwagiwe maji ya kutosha. Binti mjamzito asipewe kazi hiyo.

"Uvimbe umeisha, tuache tusimtese."

Uvimbe usioshikika tena kwa mkono unaweza kuwa umeacha seli zisizoonekana, na mizunguko ya mwisho imewekwa kwa ajili ya hizo. Ulizeni siku ya kwanza jumla ni mizunguko mingapi na lengo ni kuponya au kupunguza maumivu, muandike kwenye daftari. Kama mzazi mwenyewe amechoka, asiache kimyakimya kwa kutokwenda kliniki. Aende akaseme. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, na hata akiamua kusitisha kabisa, kitengo cha tiba shufaa, kinachopunguza mateso ya mgonjwa, kitaendelea kumpa dawa za maumivu, morfini ya maji ikiwemo.