Ni Maji Tu, Baba Mchungaji

"Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Tumeshapita Korogwe, usiku tutakuwa nyumbani. Tulikuwa tunaomba kesho utubatizie mtoto." Simu za namna hii huanza kuingia wiki ya Krismasi na haziishi mpaka mkesha. Ukiuliza barua ya usharika iko wapi, mtu anacheka. "Baba, si ni maji tu, dakika tano?"

Nachunga usharika wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku migombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hayo "maji tu" yamenichosha.

Anayepiga simu anaamini kwamba ubatizo ni hisani ya mchungaji, na kwa kuwa babu yake alibeba mawe ya kujengea kanisa hili, hisani hiyo ni haki yake. Ukweli ni kwamba mtoto anabatizwa kuingia katika kundi la watu wanaojulikana kwa majina, watakaomlea. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, kijitabu chetu cha mafundisho ya imani, inauliza maji yanawezaje kufanya mambo makubwa hivyo, na inajibu kwamba si maji yanayofanya, ila neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayolitegemea neno hilo. Huyu anayeniambia ni maji tu alilikariri jibu hilo mwenyewe, akapata kipaimara, yaani akathibitishwa katika imani.

Ndiyo maana nataka barua. Inatoka usharika mnakosali mwaka mzima, kama ni Dar ni Dar, na inanieleza kwamba wazazi ni washarika, wanashiriki Meza ya Bwana, wamepata mafundisho, na wasimamizi wa ubatizo ni fulani na fulani. Shule ya Jumapili mtoto atasomea huko. Mimi nitamwona tena Desemba ijayo, pengine. Ukiiomba Novemba, barua haina shida. Ukiiomba tarehe 23, hata katibu wa ofisi yenu yuko ndani ya basi anakwenda kwao.

Wasimamizi nao! Watu wananiletea bosi wa kazini, kwa sababu atatoa zawadi nzuri. Ukimwuliza bosi alipata kipaimara wapi, anatazama viatu. Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nistaafu: mchukueni shangazi asiyekosa ibada, hata kama zawadi yake ni khanga moja. Huyo ndiye atakayeuliza mtoto anasali wapi akifika darasa la nne.

Mara nyingi nyuma ya haraka hii yuko bibi. Amesikia kwamba mtoto akifa bila ubatizo amepotea, basi anamkalia mkwe kooni tangu mimba. Bibi, hatufundishi hivyo. Na mtoto akiwa mahututi kweli, usimsubiri mchungaji wala barua: Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kisha tunaarifiwa na kumwandika kitabuni. Lakini mtoto anayekimbiza kuku uani na kipande cha ndizi mkononi, huyo hana dharura.

Maneno mengine ninayoambiwa msimu huu nayapitia upesi.

Kwamba mchungaji anafanya kazi Jumapili tu. Karibu uandamane nami wiki ya mwisho ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi. Kuna wazee wasioweza kushuka kanisani, nao wanataka Chakula cha Bwana kabla ya sikukuu. Napanda bodaboda na kikasha changu, kwenye utelezi. Mama mmoja hamezi kitu kikavu, kwa hiyo mkate nauchovya kwenye divai, namwekea ulimini, tunasubiri. Huwezi kumharakisha. Hapo kwaya mbili zinagombania nani aimbe kwanza, wazee wa kanisa wanataka kikao, na msiba hauangalii kalenda. Mchagga akifa mjini analetwa kuzikwa kihambani, shamba la ukoo wao, hata kama kesho yake ni Krismasi.

Kwamba ibada ya mwinjilisti ni nusu ibada. Mitaa ya usharika, kila mmoja na kanisa lake, ni kadhaa, mchungaji mmoja, na wote wanataka saa tatu asubuhi ya tarehe 25. Neno analohubiri mwinjilisti ni lilelile. Meza ya Bwana itawafikia siku nyingine, kwa ratiba. Anayesusa kwa sababu hakuniona mimi ananifuata mimi, sasa sijui Krismasi ni ya nani.

Kwamba tarehe 25 Desemba haimo kwenye Biblia. Kweli haimo, na sijahubiri kwamba imo. Tunaikuta kwenye kalenda ya Roma ya mwaka 354. Idadi ya mamajusi nayo haimo: Mathayo anataja zawadi tatu, watu wenyewe hakuwahesabu. Vijana wa mjini hunitolea haya kama siri kubwa huku wakila nyama ya Krismasi.

Kwamba Krismasi inaisha tarehe 25 jioni. Tarehe 26 tuna ibada pia, na mabenchi yanapumua, maana watu wako kwenye supu. Kwa wenye barua, hiyo ndiyo siku nzuri ya kubatiza: nafasi ipo, na mtoto hazimii kwa joto la umati.

La mwisho ni la wachumba. "Baba, tuko likizo mpaka tarehe 2, tufungishe ndoa humohumo." Kanisani mnatangazwa kwanza, Jumapili tatu. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, na si mimi wa kuzipunguza. Waliokuja tarehe 20 na kadi za mwaliko zimeshachapishwa, nitawapa chai, kisha tutafungua kalenda tutafute tarehe baada ya Pasaka.