Supu ya pweza haimfanyi mtu mkware

Ukipita Ngamiani, jijini Tanga, jioni, ukasimama penye supu ya pweza, hukosi kusikia mtu akionywa asiongeze bakuli asije akawa mkware. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na si kweli.

Ashiki ni hamu ya mwili. Mtu mzima yeyote huweza kuwa nayo. Ukware ni tabia ya mtu asiyetosheka, anayemkodolea macho kila apitaye. Watu wamezitia zote mbili bakulini. Pweza ana protini nyingi, mafuta kidogo, madini ya chuma na zinki. Zinki ndiyo hutajwa sana, maana mwili huihitaji kutengeneza testosteroni, homoni inayochochea ashiki. Lakini aliyekwisha kuipata ya kutosha hazidi nguvu kwa kuiongeza. Lile joto, jasho la kipaji cha uso na moyo kwenda mbio ni kazi ya pilipili, na supu yenyewe hunywewa ikitoka moshi.

Kinachoniuma ni wanaume wanaojitibu kwa bakuli. Nguvu za kiume zikipungua wanazidisha supu, miezi inapita, kumbe tatizo hilo laweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ugonjwa wa moyo. Baadhi ya dawa za presha nazo huchangia, na mawazo, na kukosa usingizi. Kaka yangu, nenda kapime sukari na presha. Supu endelea kunywa, ni chakula kizuri, hasa ikikamuliwa ndimu.